Kiazi Hakisongwi

Kwanza weka huo mwiko chini. Ndiyo, wewe unayesoma hapa huku sufuria iko motoni. Uweke, unawe mikono, halafu urudi tuongee. Viazi vya kuponda vinaharibiwa na mikono yenye nguvu kuliko vinavyoharibiwa na moto. Na anayekuambia haya ni Mzigua wa Handeni, aliyekuzwa kwa bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, mboga inayovutika kama uzi, mtu ambaye mkono wake ulijua kusonga kabla haujajua kusuka nywele.

Jina langu ni Mwanahamisi. Kazi yangu ilikuwa upishi, na niliifanya karibu umri wangu wote katika nyumba ya wageni ya shamba la mkonge, huko upande wa Mazinde. Shamba lenyewe silitaji, wenyewe wapo na wengine wakali. Wageni wetu walikuwa mafundi mitambo, wakaguzi, wanunuzi wa mkonge, na mara mojamoja familia za wenye maduka wa Korogwe waliokuja kupunga upepo siku za Jumapili. Sasa nimestaafu. Nipo nyumbani Handeni, goti moja linanitii na la pili linafanya linalotaka. Naishi na mjukuu wangu Zaituni, binti mchapakazi, hana uvivu hata kidogo, ila amefundishwa kupika na simu.

Mwaka huu, Ramadhani ikiwa inabisha hodi, Zaituni alinitoa jikoni kwangu. "Bibi, leo wewe kaa barazani. Leo nakupikia kitu cha hotelini." Nikakaa. Nikasikia blenda inanguruma ndani muda mrefu, nikajisemea, Mwanahamisi, usiulize. Baadaye akaniletea bakuli. Nilichovya kijiko, kijiko kikatoka na uzi. Nikakiinua, uzi ukarefuka. Nikasimama kabisa na goti langu bovu, uzi bado haujakatika.

"Bibi, mbona imekuwa gundi?" akauliza, uso umemshuka.

"Hujapika viazi, mjukuu wangu. Umepika mlenda."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Zaituni akanuna, "Bibi bwana, watu tunajitahidi, wewe unatucheka!" Hakujua kwamba simcheki yeye. Maneno yale yale niliwahi kuambiwa mimi, na mtu aliyeniambia ndiye aliyenifundisha kila ninachojua kuhusu kiazi. Machozi ya kicheko hayajakauka, simu ikaita. Alikuwa Ruthi, binti wa mtu huyo huyo, anapiga kutoka kwao Kwashemshi, Usambara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzee hajambo?"

"Mama, baba hali chakula. Tangu tumzike mama, hali. Uji anautazama tu mpaka unapoa. Tumempeleka hospitali, daktari anasema ugonjwa haoni, ila mzee asipokula mwili utakwisha. Tumembembeleza, mchungaji amekuja, wajomba wamekuja. Jana ameniambia, Ruthi, niacheni nipumzike."

Nikakaa chini. Zaituni akaacha kununa, akaja kunishika bega.

Huyo mzee anaitwa Zakaria. Alikuwa mpishi mkuu wetu, Mshambaa wa kule juu, mrefu, mwenye sauti ya kukemea hata anapokusalimia. Mimi Mzigua, yeye Mshambaa, kwa hiyo tulikuwa watani tangu siku ya kwanza, bila kuulizana. Ninyi vijana mnadhani utani ni kurushiana maneno ya mpira. Utani ni kazi. Mtani anakutukana mbele ya watu na wewe huruhusiwi kununa, ukinuna umeshindwa. Mtani anachukua kofia yako, anakula nyama yako, na ukifiwa ndiye anayekuja kukuchekesha wakati ndugu zako wote hawathubutu.

Kwa hiyo mkewe alipofariki nilipanda Kwashemshi kufanya kazi yangu. Mbele ya waombolezaji nilimvua kofia, nikaivaa, nikakalia kiti chake, nikatangaza: "Haya, Mshambaa huyu kuanzia leo anafua mwenyewe! Majirani, funikeni macho ya watoto, atapita hapa bila suruali!" Watu walicheka na machozi yao. Mzee Zakaria aliniangalia vizuri tu, kwa upole, akaitikia kwa kichwa. Hakujibu. Miaka yote ile hakuwahi kuacha neno langu lidondoke chini. Nilirudi Handeni na kofia yake na moyo mzito, maana mtani asiyejibu ni mgonjwa, hata kama anatembea.

Sasa nirudi kwenye kiazi, msije mkasema bibi amepotea njia.

Nilipoanza kazi nilikuwa msichana, nimechukuliwa kuosha vyombo na kumenya. Sikuwahi kuona viazi vya kuponda. Kwetu kiazi mviringo kilikuwa kitu cha kutoka milimani, unakitia kwenye mchuzi basi. Siku moja Mzee Zakaria akaitwa ofisini mchana, wageni wakiwa wanasubiri, akanipigia kelele akiwa mlangoni: "Vikiiva viponde, tia maziwa, vilainike!" Akaondoka. Alidhani kila mtu aliyezaliwa anajua kuponda kiazi.

Nilianza kwa mwiko. Nikavisonga kama ugali wa msiba, jasho linanitoka. Nikaona bado vina vidonge. Nikafikiri, sisi nyumbani tukitaka kitu kilainike kabisa tunatumia nini? Nikakimbia chumbani kwangu nikachukua mpekecho. Wale wa mjini, mpekecho ni ule mti wa kupekechea mlenda, una vijino mwishoni, unauzungusha kati ya viganja viwili. Nilipekecha, jamani! Nilipekecha kwa mapenzi yote. Vidonge vikaisha, viazi vikang'aa, nikajiona nimeshinda. Nilipovipakua nikaona vinavutika kidogo, nikasema ndiyo utamu wenyewe huo.

Mgeni wa kwanza kuvila alikuwa fundi mitambo mmoja mwenye ndevu. Akainua uma. Uzi ukatoka sahanini mpaka kwenye ndevu, akaurudisha uma chini, uzi ukabaki kwenye ndevu. Mzee Zakaria alikuwa ndiyo anaingia. Akaichukua ile sahani kwa heshima zote, akaomba radhi, akanifanyia ishara nimfuate nyuma ya jiko. Nikajua leo ndiyo leo, kibarua kimeota nyasi.

Alipofika nyuma akashika nguzo akacheka mpaka akakaa chini. "Mlenda!" akawa anasema. "Mzigua amewapikia wageni mlenda wa viazi!" Kila akitaka kunyamaza anainua uma, anauona uzi, anaanza upya. Mimi nilikuwa nalia. Alipomaliza kucheka akaniambia niache kulia, akachukua mpekecho wangu akautundika kwenye msumari nje ya mlango wa jiko, juu kabisa nisikoweza kufika. Akanyoosha kidole.

"Maadamu mimi niko hai, huo hautagusa kiazi."

Na ulikaa pale miaka yote. Kila mfanyakazi mpya aliyeuliza ule mti wa nini, alisimuliwa habari ya ndevu za fundi, na mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na vitunguu vyangu.

Alinifundisha jioni ile ile. Kiazi, alisema, kina gundi yake kimeificha ndani. Ugali unataka upigwe ndiyo ushikane. Kiazi ukikipiga kinatoa gundi yote, na ikishatoka hairudi, hata uongeze maziwa ya ng'ombe wote wa Wamasai. Kwa hiyo kiazi hakisongwi wala hakipekechwi. Kinabanwa kutoka juu kwenda chini, kinaachiwa, kinabanwa tena. Tulitumia kitako cha kikombe cha bati. Baadaye ofisi ikanunua chuma chenye matundu, na Mzee Zakaria akasema kimeletwa na wavivu, akakitumia mpaka kikakatika mpini. Ukitaka vilainike zaidi ya hapo, visukume kwenye chekeche la waya vikiwa bado vya moto. Ndiyo, mkono utauma. Wewe unataka vilaini au unataka kupumzika?

Halafu kuna kuchagua. Si kila kiazi kinafaa. Vile vichanga vyenye ngozi ya kubanduka kwa kidole ni vya mchuzi na vya kuchemsha, vina maji mengi. Wewe tafuta kilichokomaa, kikavu, ngozi ngumu. Pale Korogwe, soko la Manundu, muuzaji atakuapia kwamba vyote ni vya unga, vyote vya Lushoto, vyote vimeshuka leo. Usimjibu. Omba kisu, kata kimoja katikati, sugua vipande viwili. Vikishikana na kutoa povu jeupe, hicho ni cha unga, funga mzigo. Vikiteleza na kutoa maji, rudisha na umsalimie mkewe. Chenye kijani kata utupe ule ukijani wote, ni mchungu na unaumiza tumbo. Kikiwa kijani kizima, kitupe kizima, acha ubahili.

Mnaanza na maji ya baridi, siyo ya kuchemka. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka nje kunalegea na ndani bado kugumu, hapo ndipo vidonge vinapozaliwa. Chumvi inaingia kwenye maji tangu mwanzo, maji yakolee kama mchuzi, maana ukiitia mwishoni inakaa juu juu tu. Moto wa wastani. Vikiiva mwaga maji yote, urudishe sufuria kwenye mkaa kidogo, utikise, vitoe jasho lake. Vijana wengi wanaruka hapa. Wanaponda viazi vyenye maji halafu wanashangaa maziwa hayaingii. Yataingia wapi na maji yamekaa?

Samli au siagi inatangulia, maziwa yanafuata, tena yawe ya moto, kidogo kidogo. Mama mmoja mwenye duka Korogwe, Mhindi, alikuwa akija na familia yake Jumapili anatuletea samli yake mwenyewe kwenye kopo. Siku moja aliingia jikoni bila hodi, akachemsha samli kwenye kikaango, akatupia bizari nyembamba ikalia, akaimwaga juu ya viazi vya Mzee Zakaria. Mzee alikunja uso siku nzima. "Viazi vyangu havihitaji hereni," alisema. Wiki iliyofuata nilimkuta amesimama kwenye kona anafanya vile vile, amefunga mlango. Aliponiona akaniambia ni dawa ya mafua.

Lakini jambo la Mzee Zakaria ambalo silisahau ni la Ramadhani. Mimi nilikuwa nafunga na kupika mchana kutwa. Najua wengine husema mpishi akionja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuna ubaya, na mimi siwapingi, ila nilikuwa na hofu yangu nisije nikameza. Ramadhani yangu ya kwanza pale nilitia chumvi kwa kubahatisha. Yeye ni Mlutheri, hakuniuliza maswali ya dini. Alikuja akasimama pembeni yangu, akachukua kijiko, akaonja, akasema, "Bado kidogo." Nikatia. Akaonja. "Hapo." Kisha akasema, "Funga yako, ulimi wangu." Kuanzia hapo kila Ramadhani, hata siku aliyopewa ruhusa ya nusu siku, alipita jikoni kunionjea kabla hajaondoka. Na akionja anatukana: "Wazigua bwana, wanafunga halafu anayechoka ulimi ni Mshambaa."

Haya yote yalinijia nikiwa nimekaa chini na simu mkononi. Nikamwambia Ruthi, "Nakuja."

"Lakini mama, Ramadhani ndiyo inaingia, na goti lako..."

"Goti nitalibeba. Usimwambie."

Nilifunga siku za mwanzo nyumbani, dawa ya goti ikakolea, kisha nikaondoka. Zaituni alitaka nibebe viazi. Nikamwambia tangu lini Mzigua akapeleka viazi Usambara, nitachekwa mpaka na mbuzi. Nilibeba kopo la samli, furushi la mlenda mkavu, na mpekecho mpya niliouchagua sokoni Chanika, hapa hapa Handeni, na kichwani nikavaa ile kofia yake. Zawadi ya mtani lazima iwe na matusi ndani yake. Kwa kweli sikuwa na mpango wowote zaidi ya huo.

Nilifika alasiri. Nilimkuta barazani, koti zito limemmeza, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Ndugu walikuwa uani wananong'ona. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha uji kimefunikwa na kisosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema, taratibu sana. Akarudisha macho ukutani.

"Nimekuletea chakula cha watu," nikasema, nikamwekea mlenda na mpekecho miguuni. Nilingoja tusi langu. Halikuja. Moyo uliniuma, wajukuu zangu, sitawaficha. Huyu ndiye mtu ambaye sauti yake ilikuwa inasikika mpaka kwenye karakana.

Nikamwambia Ruthi alete jiko la mkaa aliweke pale pale barazani, mbele ya baba yake.

"Mama, moshi utamsumbua."

"Mwache asumbuke. Wote mmekaa kumnong'onea utadhani amelala."

Ruthi akaleta viazi, vichanga, vimechimbwa asubuhi. Nikavikata, nikasugua, vikateleza. Nikamtuma kwa jirani akatafute vilivyokaa. Vya pili nikavikata, nikavisugua kwa sauti, povu likatoka. Nilijifanya simwangalii mzee, lakini niliona macho yametoka ukutani na kukaa kwenye mikono yangu. Nikamenya. Maji ya baridi. Chumvi kwenye maji, kipimo chake kile kile alichonifundisha, mkono wangu hausahau. Vikaiva, nikamwaga maji, nikavirudisha kwenye mkaa vitoe jasho. Mvuke ukampitia usoni. Ruthi alikuwa amesimama na sahani, ndugu wamesogea kidogo.

Hapo ndipo jicho langu likaangukia mpekecho, pale miguuni pake.

Nikauchukua. Nikaufuta kwa kanga, polepole. Nikausimamisha juu ya sufuria, viganja vyangu viwili tayari kupekecha, nikaanza kuushusha. Ruthi, aliyeijua habari ya ndevu za fundi tangu utotoni, akaziba mdomo.

"Mwanahamisi."

Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Abee, mzee."

"Unafanya nini?"

"Naponda viazi."

"Na huo mti?"

"Ndiyo kipondeo chetu. Hujui? Nasikia siku hizi hakuna wa kukataza." Nikaushusha zaidi, vijino vikawa juu kabisa ya kiazi.

Akapiga mkono wa kiti. "Mimi bado niko hai, Mwanahamisi! Toa huo mti!"

Ruthi akageukia ukutani, mabega yakaanza kumtetemeka. Mimi pia nililia, nikasema ni moshi.

"Kama uko hai, njoo uponde mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nimechoka, nimefunga."

Ndugu mmoja akataka kumshika, akamkemea. Alinyanyuka, akajikokota, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, akadai kikombe cha bati. Kikaletwa. Akaanza kubana viazi, juu kwenda chini, mikono imekonda lakini haijasahau. "Samli," akasema. Nikatia samli. "Maziwa yako wapi? Ya moto, wewe! Unataka kuvitia homa?" Nikatia maziwa. Viazi vikawa vyeupe, vinapumua, vinateremka kwenye kijiko bila uzi hata mmoja. Akavitazama muda. Nilijua hapo ndipo penyewe. Kuponda ni kazi tu, na kazi mikono yake ingeifanya hata yeye mwenyewe akiwa hataki kuishi. Kula ni jambo lingine.

"Chumvi?" akauliza.

"Sijui, mzee. Nimefunga."

Akaniangalia. Akamwangalia Ruthi.

"Aonje Ruthi," nikasema.

"Ruthi hajui chumvi tangu azaliwe." Akakigeuza kijiko mkononi. Nilisikia mkaa ukipasuka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Funga yako, ulimi wangu," akachota kidogo, akatia mdomoni.

"Bado," akasema.

Sasa mimi nilijua chumvi imetosha. Niliipima kwenye maji kwa mkono alionifunza yeye. Lakini mimi ni nani nimpinge mpishi mkuu? Nikaingiza vidole kwenye kopo la chumvi, nikavitoa vitupu, nikasugua juu ya sufuria. Akakoroga kwa upole, akachota, safari hii kijiko kikiwa kimejaa.

"Bado kidogo."

Nikasugua vidole. Akachota. Akatafuna kwa fizi, akafumba macho, akafikiri. "Karibu," akasema. Nikasugua tena. Akaonja upande wa kulia wa sufuria, akasema upande huo uko sawa ila kushoto ana wasiwasi. Akaonja kushoto. Akarudi kulia kuhakikisha. Ndugu walikuwa wamesimama kwa mstari na hakuna aliyethubutu kukohoa. Mimi na kopo langu tulitumika kweli kweli, natia hewa, naongeza hewa, mpaka nikaanza kuona bati la sufuria chini.

Alipokwangua mara ya mwisho, akalamba kijiko, akakiweka juu ya mfuniko. "Hapo sasa," akasema. "Imekolea."

Nikainamisha kichwa nisionekane uso. Akajifuta mdomo kwa mkono wa koti, akaniambia, "Mtani."

"Naam."

"Chumvi yenu ya Handeni nyepesi sana. Unaitia wala haionekani vidoleni."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Kwa mbali chini bondeni tukasikia adhana. Ruthi akashtuka, mikono kichwani: mgeni amefunga, magharibi imeingia, na jikoni hakuna kilichopikwa kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imesimama inaangalia sufuria moja. Akaniletea tende. Akaanza kuniomba radhi.

"Usihangaike," Mzee Zakaria akamwambia. "Mpashie ule uji wangu."

Ukapashwa, nikaletewa kwenye kikombe kile kile, na kisosi chake.

"Kunywa, Mzigua," akasema, ameketi wima kwenye kigoda, kofia yake ameshaidai, imerudi kichwani. "Ni mlaini, hautaki meno."

Nikapiga bismillahi, nikanywa. Haukuwa na sukari hata chembe. Hapo ndipo nilipomwelewa kwa nini aliutazama tu mpaka ukapoa.